Katakata Si Ukali

Redio ikiwashwa jioni mjini Kasongo, katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nadra taarifa ya habari imalizike bila mtu fulani kukanusha jambo "vikali". Waziri amekanusha vikali. Msemaji wa jeshi amekanusha vikali. Kampuni imekanusha vikali, chama kimepinga vikali, nchi jirani imelaani vikali. Neno limesemwa hadi limepoteza makali yake. Msikilizaji wa Kabambare aliyelima tangu alfajiri na sasa anasubiri ugali uive halisikii tena. Analolitaka ni kujua kama barabara ya kesho ni salama, na kielezi hicho hakimwambii.

Asili ya mazoea haya inajulikana. Habari nyingi za dunia zinazosomwa kwa Kiswahili huwa zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kifaransa. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ya serikali ni Kifaransa. Tamko la waziri hutoka Kinshasa likiwa na neno "catégoriquement". La balozi wa nchi za ng'ambo huja na "adamantly". Mtafsiri amebakiwa na dakika chache kabla ya kwenda hewani, na mkono wake unalifuata neno lililo karibu: vikali.

Karibu, ndiyo, lakini silo.

Hilo neno la Kiingereza, "adamantly", lina udugu na Kiswahili ambao wengi hawaujui. Wagiriki wa kale waliita "adamas" kitu kigumu kisichoshindwa na chochote, na baadaye jina hilo likalishika jiwe gumu kuliko yote. Kwa njia moja lilipita Kilatini na Kifaransa cha zamani hadi likafika Uingereza. Kwa njia nyingine lilipita Mashariki ya Kati, likawa "almas" kwa Kiarabu, na Kiswahili kikalipokea: almasi. Mchimbaji wa Mbuji-Mayi anayepepeta mchanga na mhariri wa London anayetunga kichwa cha habari wanatumia mzizi mmoja wa neno bila kujuana.

Kwa hiyo kinachotajwa na kielezi hicho ni ugumu wa msimamo. Mtu amekataa na haingiliki. Ukija na maneno matamu hupati kitu, ukija na vitisho hupati kitu. Hakuna ndani yake habari ya sauti kupanda, mishipa ya shingo kutokeza wala meza kupigwa ngumi. Ukali ni mambo ya sauti na uso. Mtu anaweza kukanusha kwa ukali mkubwa asubuhi na jioni akakubali kila kitu, na mwingine akakataa kwa tabasamu, kwa sauti ya chini, na asibadilike hadi kufa. Anayeandika "vikali" mahali pa "katakata" anaripoti hali ya hewa ya mkutano, na msimamo wenyewe anauacha nyuma.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Anayekataa hukataa katakata, hukataa kabisa, hukataa hata kusikia. Asemaye "kamwe", "katu", "asilani" au "abadan" anafunga mlango wa wakati wote ujao. Anayetetea jambo husimama kidete, hushikilia uzi ule ule, hung'ang'ania, hushupaa. Juu ya hayo kuna vitenzi vinavyofanya kazi yote bila kuhitaji kielezi: haambiliki, hasemezeki, hashikiki. Kwa tamati ya kitenzi tu Kiswahili kimesema kwamba watu wamejaribu na wameshindwa. Na mtu wa mtaani, asiyetaka maneno mengi, husema "ng'o!" na mjadala umekwisha.

Kila kimoja kina mahali pake. Katakata, kwa wasemaji wazuri, huenda na kukataa, kukana na kupinga. Hakuna anayekubali ombi la posa katakata. Huyo hukubali kwa moyo mkunjufu, au kwa kauli moja na nduguze. Kamwe hutaka kitenzi kilichokanushwa. Ukimsikia mtangazaji anasema waziri "amesisitiza katakata kwamba uchaguzi utafanyika", ujue sentensi ilizaliwa katika lugha nyingine na imevalishwa Kiswahili barabarani.

Kiswahili cha Kongo nacho kina vyombo vyake, na ni dhuluma kuviita makosa. Kusini mwa Maniema mtu husema amekatala, hasemi amekataa. Husema "ata kidogo", na akitaka kukaza hurudia, "kabisa kabisa". Wengine hukopa neno la Kifaransa la kusema kamwe na kulitamka kwa ladha ya hapa. Lugha hii ilipoitwa Kingwana, wamisionari kina Whitehead waliandika mwongozo wake na kuuchapa mwaka 1928 huko Wayika. Waliona, kabla ya wengi wa wasomi wa pwani, kwamba hapa pana lugha kamili yenye kanuni zake. Mtangazaji wa Kindu anayetoka nyumbani akisema "ata kidogo" na kufika studio akasema "vikali" ameacha nje ya mlango neno lililo sahihi zaidi.

Historia ya Kasongo ina mfano mmoja wa kukataa kimyakimya ambao vitabu vya Ulaya viliurudia sana. Mwishoni mwa mwaka 1892 vita vilikuwa vimeanza baina ya Dola Huru la Kongo, mali ya Mfalme Leopold II, na mabwana wa pembe na watumwa waliotawala Maniema. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikuwa na Wabelgiji wawili mkononi mwake waliokuwa wamewekwa Kasongo kama wakazi wa kiserikali: Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. Novemba mwaka huo De Bruyne aliletwa ukingoni mwa mto Lomami ili azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru chini ya kamanda Dhanis, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1897 kilichotokea. Wenzake walimwambia kwa lugha ambayo walinzi wake hawakuielewa kwamba wapigaji hodari wamejificha vichakani; ajitupe mtoni aogelee, watamlinda. Yeye akajibu kwamba hawezi kumwacha Lippens. Akageuka, akarudi kifungoni. Muda mfupi baadaye wote wawili waliuawa Kasongo.

Hakuna anayesimulia kwamba alipaza sauti. Hakuwa na sababu ya kupaza.

Kisa hiki kina wenyewe, na lazima hilo lisemwe. Ubelgiji ilikifanya sanamu: mwaka 1900 mnara wa Lippens na De Bruyne ulisimamishwa Blankenberge, mji wa pwani, na leo Wabelgiji wenyewe wanabishana juu ya maandishi yake na sifa inayompa mkoloni. Maniema ilikuwa na watu wengi zaidi waliokataa katika miaka hiyo, na hawakujengewa kitu. Februari 1897 askari wa Kiafrika wa msafara wa Dhanis, wengi wao Watetela na Wakusu, walichoka kusukumwa kuelekea mto Nile kwa njaa na viboko. Wengi walikuwa bado na uchungu wa Gongo Lutete, kiongozi aliyewasaidia Wabelgiji na kisha akapigwa risasi nao mwaka 1893. Waliasi huko Ndirfi, wakashuka kusini wakipigana, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare. Hawakutoa tamko kwa vyombo vya habari. Kukataa kwao kulikuwa ni miguu iliyogeuka upande mwingine, na bunduki zilizogeuka nayo.

Mifano hiyo miwili, wa Lomami na wa Ndirfi, inaeleza kwa nini kielezi peke yake hakitoshi. Msisitizo hupimwa kwa kile msemaji alichokiweka rehani. Sajini aliweka maisha. Askari waliweka maisha na mishahara yao. Msemaji anayekanusha vikali mbele ya vipaza sauti vitano ameweka nini?

Watu wa Maniema walilijua swali hili kabla ya redio. Katika nyumba za Waislamu wa Kasongo, ambao ndio mizizi ya kale ya Uislamu katika Kongo, anayetaka kuaminiwa haongezi sauti, hula yamini. Wallahi si neno la kupambia mazungumzo, ingawa vijana siku hizi wanalichezea. Kiapo kina bei inayojulikana. Anayeapa kwamba atafanya au hatafanya jambo, kisha akavunja, ana kafara: alishe maskini 10, au awavishe, au amwache huru mtumwa; asiyeweza hayo afunge siku 3. Kwa hiyo wazee wakikaa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga, na mmoja akasema hajasogeza jiwe, humsikiliza. Akiendelea kupiga kelele, humwachia apige. Kisha mmoja huuliza taratibu: "Papa, unaapa?" Hapo ndipo shamba zima hunyamaza, na hapo ndipo wengi huanza kusema kwamba labda mvua ndiyo iliyolisogeza.

Adabu nayo imeongeza uzito wa neno la kukataa. Katika Kiswahili, hapa na pwani, mtu hamwambii mkubwa "hapana" usoni. Husema "tutaona", "Mungu akipenda", "acha nikafikirie kwanza". Aliyelelewa hivyo, akifika mahali pa kusema nimekatala kabisa, wote waliopo wanajua kwamba kitu kikubwa kimetokea. Nguvu ya kauli hiyo inatokana na uhaba wake. Chombo cha habari kinachoigawa bure mara kumi kwa siku kinakula akiba ambayo jamii iliijenga kwa vizazi.

Pana mahali ambapo akiba hiyo inahitajika mno, nayo ni posa. Fikihi huchukulia kwamba mwanamwali akiulizwa juu ya mchumba naye akanyamaza, ukimya wake ni idhini, kwa kuwa haya humzuia kusema ndiyo. Maana yake ni kwamba asiyetaka lazima aseme. Na anayetakiwa kusema ni binti mdogo kuliko wote chumbani, mbele ya baba, baba wakubwa na shangazi, mahari ikiwa pengine imekwisha kutajwa. Sheria ya nchi iko upande wake: sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia, inataka ridhaa ya kila mmoja wa wanandoa na umri usiopungua miaka 18 kwa wote wawili. Lakini sheria iko kwenye karatasi na binti yuko kwenye mkeka. Akisema "sitaki" kwa sauti ndogo iliyo karibu na kulia, hajakataa vikali. Amekataa katakata, na masikio yaliyozoea kupima msimamo kwa ukali wa sauti yatamkosea. Wapo wazazi watakaosema, "Mbona hakukataa sana?" Swali hilo linaonyesha wazi hatari ya kuchanganya ukali na uthabiti; hapa kosa la lugha linaweza kumgharimu mtu maisha yake yote.

Bwana mkubwa wa Kasongo ya zamani, Hamed bin Muhammad al-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, naye aliwahi kukana jambo, na kukana kwake ni somo kwa wasemaji wa leo. Hakuna haja ya kumsafisha. Utajiri wake ulitoka katika pembe za ndovu na katika watu waliofungwa minyororo, na vijiji vya Maniema vililipa. Lakini katika shauri hili moja alifanya vizuri.

Februari 1887, mjini Unguja, mpelelezi Henry Morton Stanley alimpa mkataba wa kuwa liwali wa Dola Huru la Kongo katika maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Pamoja na hilo yalikuwapo makubaliano ya wapagazi 600 wa kuusaidia msafara wa kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha. Wapagazi hawakupatikana kwa wakati, na waliopatikana hawakutimia. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kiliteketea kwa njaa na maradhi, na kamanda wake, Meja Barttelot, akapigwa risasi Julai 1888. Stanley aliporudi alihitaji mtu wa kubeba lawama. Desemba 1889 alifungua kesi Unguja, akidai pauni 10,000 kutoka katika fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa mfanyabiashara Taria Topan.

Tippu Tip angeweza kubaki bara na kutuma barua ya kukanusha. Njia ya kutoka Maniema hadi pwani ilikuwa ya miezi, kwa miguu, kupitia Ziwa Tanganyika na Tabora, naye hakuwa kijana tena. Aliianza mwaka 1890 na akafika Unguja mwaka 1891. Kesi haikufika hukumu. Upande wa mashtaka uliiacha. Miaka michache kabla ya kufa kwake mwezi Juni 1905 aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha Berlin kati ya 1902 na 1903. Humo hoja zake zimewekwa wazi: kwamba makubaliano yalikuwa na pande mbili, na kwamba baruti aliyoahidiwa haikuletwa. Msomaji anaweza kuzikataa, na wanahistoria wengine wamezikataa. Lakini ana kitu cha kukikataa. Kuna dai, kuna sababu, kuna mtu aliyesafiri kwa miezi ili aulizwe. Kukanusha kwa namna hiyo kunaweza kuchunguzwa.

Linganisha na serikali aliyokuwa ameitumikia. Taarifa za ukatili wa mpira zilipoanza kufika Ulaya, na hasa baada ya ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza Roger Casement mwaka 1904, Dola Huru lilikana na kuwaita wakosoaji wachongezi wenye tamaa ya biashara. Shinikizo lilipozidi, Leopold mwenyewe aliteua tume ya watu watatu, akitarajia imwondolee aibu. Tume ilikaa Kongo miezi kadhaa, ikasikiliza wanavijiji, na ripoti yake iliyotoka mwaka 1905 ilithibitisha mengi ya yale yaliyokanwa. Ukimya wa wanavijiji wa kabla ya hapo haukuwa idhini, na sauti kubwa ya Brussels haikuwa ushahidi.

Tamko na ushahidi bado vinakaa mbalimbali mpaka leo, na Maniema inaishi jirani na moto. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kwa miaka yote Kigali imekana kuwaunga mkono waasi hao, ikisema inachukua hatua za kujilinda tu. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotoka Julai 2024, lilikadiria kwamba wanajeshi 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa ndani ya Kongo. Mapema Februari 2025 mwandishi wa CNN alimwuliza Rais Paul Kagame kama wanajeshi wake wako huko. Alijibu kwamba hajui. Hapo mwandishi wa habari anayefanya kazi kwa mazoea amekwama, kwa sababu "hajui" haikubali kuwekewa "vikali". Inabidi aandike alichosema, na kando yake aweke ile takwimu. Sentensi mbili hizo zikikaa pamoja zinamtosha msomaji kuhukumu.

Kinshasa nayo isiachwe. Kwa muda mrefu Rais Félix Tshisekedi na mawaziri wake walisema kwamba hawataketi kamwe na M23, kundi waliloliita la kigaidi. Vyombo vya Kiswahili viliripoti: amekataa katakata. Machi 2025 ujumbe wa serikali ulisafiri hadi Luanda kwa mazungumzo ambayo M23 waliyasusia dakika za mwisho. Mwezi huohuo Tshisekedi na Kagame wakakutana Doha. Na tarehe 19 Julai 2025 serikali na M23 wakatia saini tamko la kanuni huko huko Doha. Kubadili msimamo ili watu wapone si dhambi, na wengi waliokimbia makwao wangependa ubadilishwe mapema zaidi. Kosa lilikuwa katika ile "kamwe" iliyotolewa bila rehani, na katika magazeti yaliyoibeba kana kwamba imekwisha kuapiwa. Angekuwa mzee wa Kasongo ameapa hivyo, maskini 10 wangekuwa wamekula.

Wananchi wa kawaida, wasio na msemaji, wamejifunza kusisitiza kwa njia nyingine. Katika miji ya Kongo, ambako kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu watatu kwa hati tatu, wenye nyumba huandika kwa rangi kwenye ukuta wa mbele kwamba eneo hilo haliuzwi. Dar es Salaam utakuta vivyo hivyo: NYUMBA HII HAIUZWI, herufi kubwa nyekundu, wakati mwingine na namba ya simu chini yake. Tazama kilichokosekana ukutani. Hakuna "kabisa", hakuna "katakata", hakuna alama tatu za mshangao. Kuna kitenzi kimoja kilichokanushwa, na kuna mwenye nyumba anayepatikana kwa simu. Aliyeiandika anajua tapeli haogopi kielezi. Anaogopa mnunuzi atakayepiga ile namba. Na pale pembeni, penye kona ya giza, kuna tangazo jingine: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Kazi ya kusisitiza imekabidhiwa faini.

Waandishi wa Kiswahili, wa Kindu, wa Bukavu, wa Dar es Salaam na wa Nairobi, wanaweza kuanzia hapo. Anapokuja mtu na kukana, waandike kwamba amekana. Kama ametoa sababu, waziandike. Kama ameulizwa ushahidi na hakuutoa, hilo ni habari kubwa kuliko sauti yake. Kama alipiga meza, "vikali" ina haki ya kuingia, kwa kuwa meza imepigwa kweli. "Katakata" wamwekee yule aliyeshawishiwa, akabembelezwa, akatishwa, na bado hakusogea; na wamwambie msomaji ni nani aliyembembeleza na kwa nini. "Kamwe" waiweke ndani ya alama za kunukuu na tarehe mbele yake, ili siku ya safari ya Doha mtu aweze kuitafuta.

Itasemwa kwamba hayo yanarefusha habari, na redio ina dakika chache. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, imeonyesha kwamba msikilizaji wa Kongo huvumilia maelezo marefu akijua kwamba yanamhusu. "Serikali imekanusha vikali" ni maneno matatu yasiyo na kitu ndani. "Serikali imekana, ilipoulizwa idadi ya wanajeshi haikujibu" ni maneno saba, na mkulima wa Kabambare akiyasikia ana la kumwuliza mbunge wake akija kuomba kura. Mtangazaji aliyepokea tamko la Kifaransa saa kumi na moja jioni bado ana muda wa simu moja kabla ya taarifa ya habari. Apige, amwulize msemaji amekana nini hasa na anaonyesha nini, kisha aandike jibu jinsi lilivyotoka, hata kama msemaji atakata simu.